Mmisri wa Luxor kwenye pantoni ya Guangzhou

Safari yangu ya tisa kununua nguo Guangzhou, China, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona mto wa mji huu.

Nilikuwa na Hasani, Mmisri anayetufungia marobota ya nguo kule mtaa wa Guangyuan Xilu. Kiswahili amekiokota kwetu sisi wateja.

Kwao ni Luxor, mji wa mahekalu ya kale kando ya Mto Nile. Alikuwa akiwazungusha watalii kwa gari la farasi.

Kabla hatujapanda pantoni akanionya: "Dada, usishangae sana. Sisi mtalii tulimjua kwa mdomo wazi, na bei inapanda hapo hapo."

Haya.

Tukafika katikati ya mto. Maghorofa pande zote mbili yanang'aa kwa jua la asubuhi. Meli ya makontena ikatupita karibu kabisa, kimya, kama mtaa mzima umeamua kuhama.

Namgeukia Hasani. Mdomo wazi. Machozi yanamlenga.

Nikamuuliza, "Na yale mahekalu ya kwenu, ukiwa ndani unajisikia hivi hivi?"

Akajibu, "Sijui, dada. Mimi nilikuwa nawashusha mlangoni."

Nilitaka kumcheka, na najua nyie mngemcheka.

Ila mimi ni wa Karatu. Magari ya watalii wa Ngorongoro yanapita mbele ya nyumba yetu tangu sijazaliwa.

Lile geti la hifadhi sijawahi kulivuka.