Kisu Chenye Ndui

Kwa miaka mitatu visu nilivyofua kwenye karakana ya mjomba, pale Malindi, vilitoka na alama yake ya nyota. Siku jirani yetu alipoagiza kisu cha kupikia shughuli, mjomba akaniambia nigonge alama yangu mwenyewe. Bi huyo akiridhika, alama itakuwa yangu moja kwa moja. Asiporidhika, nirudi kwenye nyota.

Nilikuwa nshaichagua zamani: "huba", kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza chuo cha Kurani. Akilini nilishawaona watalii wa ufukwe wa Paje wakisafiri na huba zangu mpaka kwao. Nikachonga muhuri kwenye kipande cha chuma, mchana kutwa, kwa tupa na tindo. Najua muhuri huchongwa kinyume. Lakini nilijiambia Kiarabu kinaanzia kulia, kwa hiyo kishageuka chenyewe, nikachonga kama ninavyoandika.

Mjomba alinitaka niujaribu kwanza kwenye mche wa sabuni. Nikagonga, huba ikatoka kinyume. Akaitazama sabuni, akaniuliza kama Bi atapewa na kioo cha kusomea, au kila anapokata kitunguu aende chumbani kwenye kabati la kioo.

Nikaikwangua huba yote. Chuma kilichobaki kilitosha herufi moja tu, nikachonga "be", ya bismillahi. Ile umbo lake la kidau linafanana huku na huku na nukta yake iko katikati chini, hata mimi siwezi kuigeuza.

Ikabaki pa kuigonga. Muhuri hugongwa mara moja, chuma kikiwa chekundu, na pakikosewa ndiyo basi. Mimi nilitaka katikati ya bapa, kila mtu aione. Yule Bi alipopita kuulizia kisu chake, nikamwamkia, nikafunga kitambaa pa kushikia maana mpini ulikuwa bado, nikamwomba akate kitunguu. Alikata huku akimsimulia mjomba habari za harusi ya Ijumaa, macho hayako kwenye kisu hata kidogo. Dole gumba lake lilitulia kwenye bapa la kushoto, karibu kabisa na kitambaa, halikutoka hapo.

Nikamwonyesha katikati, nikamuuliza anapaonaje pakiwa na alama.

"Pazuri, mwanangu," akasema. "Lakini shughulini tunatia visu beseni moja, na watu wana mikono mirefu. Mie changu nakitafuta kwa kidole. Macho yangu yako kwenye sufuria."

Alipoondoka nilikaa na muhuri mkononi. Nikiigonga chini ya dole gumba, atakuwa anaifunika kila anapokata, na hakuna atakayeiona. Mjomba hakunisaidia, alikuwa anapuliza chai yake. Nikakitia kisu motoni, kikawa chekundu, nikaigonga karibu na pa mpini, upande wa kushoto. Moyo uliniuma kidogo, sisemi uongo.

Ijumaa nilikuwa uani kwa wenye harusi, nachukua ndoo za maji. Beseni la visu lilikuwa katikati ya wanawake wanaomenya viazi. Yule Bi akaja, akatia mkono huku anamwambia mtu habari ya chumvi. Akapapasa kimoja, akakiacha, akapapasa cha pili, akakitoa. Ndicho. Mwenzake akasema hicho chake yeye.

"Chako kina ndui?" Bi akamuuliza. "Gusa hapa. Hiki changu, kina ndui."

Ua zima likacheka, kisu kikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akaigusa be yangu na kusema kweli, ndui.

Jumamosi wakaja wawili karakanani, wakitaka kisu chenye ndui, na iwe pale pale pa dole. Mjomba akauchukua muhuri wake wa nyota mezani kwangu, akautia mfukoni. Nikaanza kuwaeleza wale kinamama kwamba ile ni be, herufi ya bismillahi. Mjomba akanikanyaga mguu.

"Sema naam," akaninong'oneza.

"Naam," nikasema. "Chenye ndui."