Dalali wa ng'ombe wa Kitanga aliyechagua boti ya kuvuka bahari

Saa mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelalia uwanja wa mnada mjini Kasulu, na Pasikali Ndayikunda anamsema vibaya ng'ombe anayemtaka.

"Huyu kwato zimepinda," anasema, akimzunguka mtamba mwekundu kama mtu aliyelazimishwa kumtazama. "Na macho yake yana usingizi. Tumwache." Kisha anamgeukia wa pili, mwenye mabaka, na kummwagia sifa: mgongo, mapaja, pembe, hata mkia.

Mwenye ng'ombe anasikiliza. Mnunuzi, mkulima wa Muyama anayetafuta ng'ombe wa mahari ya mwanawe, naye anasikiliza, lakini macho yake yako kwenye fimbo ya Pasikali. Fimbo inapohama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, mkulima anaelewa kwamba huyu anayesemwa vibaya ndiye.

Baada ya vuta nikuvute na chai ya tangawizi, mtamba mwekundu anapata mmiliki mpya kwa bei ambayo aliyemleta anaiona ni ya kumhurumia mnunuzi.

Pasikali ana umri wa miaka 60, na kwa zaidi ya nusu ya umri huo amekula kwa mdomo wake katika minada ya Kasulu na Kibondo. Siku nzuri anarudi nyumbani Kitanga na shilingi elfu thelathini. Siku mbaya anarudi na matope ya viatu.

"Ukimsifu unayemtaka, umejipandishia bei mwenyewe," anasema. "Mdomo unasema hivi, fimbo inasema vile. Watu wote wa mnadani wanajua. Hata mwenye ng'ombe anajua, ila hajui ni siku gani."

Kuna jambo jingine analolishika kuliko bei. Ng'ombe wa mahari aliyemchagua yeye hamwachii mtu. Humswaga kwa miguu mpaka kwa wakwe, hulala huko, na asubuhi humtazama anavyoinuka. Akivunjika mguu njiani, lawama ni ya dalali. Ndivyo alivyofundishwa na madalali waliomtangulia, na hajawahi kuliacha.

Leo, hata hivyo, mzee huyu amekonda kwa mawazo. Ukimuuliza mtamba amemwonaje, anajibu kuhusu mkuku, yaani ule uti mzito wa chini unaoizuia boti isipinduke. Pasikali, ambaye hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, ana wiki kadhaa halali vizuri kwa ajili ya boti.

Kisa chenyewe kinaanzia kwa bintiye, Nadine, muuguzi anayeishi Tanga. Mumewe ni Saady, kijana wa ukoo wa wenye maduka hapa Kasulu ambao nusu yao wako pwani. Wawili hao walifunga ndoa bomani, familia zikanung'unika kidogo, kisha akazaliwa Zuhra na manung'uniko yakaisha. Zuhra sasa ana miaka sita.

Saady amefanya kazi miaka mingi kwenye boti za matanga za wageni, akizipeleka na kuzirudisha. Mwaka huu aliamua kununua ya kwake, iliyotumika. Anataka kuondoka Tanga na mkewe na mtoto, wapite Komoro, waende Shelisheli, na kutoka hapo waendelee kadiri upepo na mifuko itakavyoruhusu, huku wakipakia wageni bandari kwa bandari.

Pasikali aliposikia habari hizo alikataa kabla hajamaliza kusikiliza. Ana sababu yake, na huisimulia akiwa ametazama pembeni.

Mwaka 1972, Pasikali akiwa na umri wa Zuhra, mama yake alimvusha Mto Malagarasi kutoka Burundi kuja upande wa Kumsenga, kwenye mtumbwi uliokuwa umejaa watu na maji. Hapakuwa na pa kushika. Alishika kitenge cha mama yake, na kitenge kikafunguka. Mama alimdaka mkono.

"Hicho ndicho chombo changu cha kwanza na cha mwisho," anasema. Siku hizi ni raia wa Tanzania, ana shamba la muhogo na maharage, na mto akiufikia huuvuka darajani.

Ili roho ya mzee itulie, Nadine alipata wazo. Boti zilizokuwa zinauzwa zilikuwa mbili, na yeye na mumewe walikuwa hawajaelewana. Baba ndiye achague. Mtu aliyechagulia nusu ya wilaya ng'ombe angeshindwaje kuchagulia mjukuu wake boti?

Wazo lilikuwa jema. Ila hakuna aliyefikiria mzee angechaguaje.

Siku ya kuchagua, Pasikali aliketi kwenye duka la Firdausi, mama mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi ya Kasulu, aliyemshikia simu ya video. Upande wa pili Nadine alitembeza kamera ndani ya boti ya kwanza, kisha ya pili. Pasikali na Firdausi walimwona vizuri mtu aliyesimama nyuma ya Saady. Alikuwa dalali wa boti zile, kofia kichwani, masikio wazi.

Zote mbili zilikuwa boti za faiba, za kiwandani, zile zinazofyatuliwa kwa mamia kutoka kalibu moja. Moja ilikuwa pana, na upana wake haukupungua hata huko nyuma. Ina sukani mbili, vyumba vitatu na sebule ya kuchezea mpira, na mkuku wake umefungwa kwa bolti. Nyingine ni ya miaka mingi zaidi, nyembamba, nzito, mkuku wake umeunganishwa na mwili wote. Jiko lake limebanwa kwenye kona kiasi kwamba mpishi akisimama hana pa kuangukia, na kila unapogeuka kuna kishikio cha mbao.

Pasikali aliipenda ile nyembamba papo hapo. Alivipenda vile vishikio. Na kwa kuwa dalali wa boti alikuwa akisikiliza, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya Kasulu.

Aliiponda.

"Hii imezeeka," alisema. "Vishikio vimejaa mpaka mtu hapati njia. Jiko ni la sungura. Hii tuiache." Akarudi kwa ile pana na kuisifu kwa pumzi zote. Alisifu vyumba, sukani zake mbili, hata sinki. Akahamisha fimbo kutoka kulia kwenda kushoto, akatulia, akijua kazi imekwisha.

"Tatizo ni kwamba simu nilikuwa nimeielekeza usoni," anasema Firdausi. "Fimbo ilikuwa huku chini. Niliiona mimi peke yangu, na mimi nauza chaja."

Mtandao ukakatika. Jioni ukaja ujumbe wa Saady: "Baba, asante sana. Tumeshachagua. Tutakuonyesha ikitoka kupakwa rangi."

Hapo ndipo Pasikali alipoishiwa nguvu. Saady hajawahi kusimama mnadani siku moja. Na Nadine ameondoka nyumbani zamani, amesomea mambo ya sindano, atakuwa ameshasahau. Basi wamenunua ile pana, tena kwa neno lake.

Kwa nini hakupiga simu usiku uleule? Swali hilo mkewe, Kezia, amemuuliza mpaka amechoka.

"Dalali akisema, akirudi kusema vingine, ni nani atamwita tena?" anajibu Pasikali. Kezia anasema hilo ni jibu la mnadani. Jibu la nyumbani ni kwamba mumewe aliona aibu.

Badala ya kupiga simu, alianza kusoma. Kila siku ya mnada, akimaliza ng'ombe, alikwenda kwa Firdausi amtafutie watu wanaozungumzia boti mtandaoni na amtafsirie. Alitaka mtu mmoja tu amwambie kwamba ile pana haifai, ili apate nguvu ya kuungama.

Hakumpata. Mmoja alisema boti nzito haitikisiki, na kwenye bahari ndefu hiyo ndiyo usingizi wako. Wa pili akasema boti nzito ni ya wazee, nyepesi inakimbia na kuiacha dhoruba nyuma. Wa tatu akasema bolti za mkuku ni kifo. Wa nne akaonyesha bolti hizohizo akicheka, zimevuka bahari mara mbili. Mama mmoja wa Kizungu akasema maisha ya baharini ni kutia nanga, si kusafiri, kwa hiyo nunua upana. Mwingine akamjibu kwamba ukizipakia hizo pana maji, chakula na vitabu vya mtoto, zinazama mabega na mbio zote zinaishia hapo.

"Ng'ombe watu hubishania bei," anasema Pasikali. "Hawa wanabishana ng'ombe ana miguu mingapi."

Kibaya zaidi, kadiri alivyosikiliza ndivyo ile pana ilivyoanza kumvutia. Vyumba vile vitatu. Zuhra apate wake, wageni wapate wao, pesa ipatikane. Labda aliposifu alikuwa amesema kweli bila kukusudia. Asubuhi aliamka akiitaka nyembamba, mchana akila ugali akaitaka pana, na jioni hakuitaka hata moja, akatamani Saady angefungua duka kama ndugu zake.

Wiki iliyopita mnadani Kibondo alihamisha fimbo mara tatu kwa ng'ombe mmoja. Mnunuzi akamwomba akapumzike.

Ndiyo sababu leo, baada ya mtamba mwekundu, anakwenda moja kwa moja dukani kwa Firdausi, anakaa kwenye kile kiti chake, na kuomba apigiwe Nadine. Ameamua kusema, liwalo na liwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwana wanje," anaitikia, akimwita mwanangu kwa lugha ya nyumbani. "Ile siku ya boti," anaanza, na mikono yake inazungusha fimbo, "mimi nilisema kinyume. Yule dalali alikuwa anasikia. Nilikuwa naitaka ile nyembamba."

Nadine anacheka, kicheko cha taratibu.

"Baba, mimi nimekua nikimsaidia mama kuuza maandazi hapo mnadani. Unadhani sikujua? Ulisifu mpaka sinki. Ulilalamikia vishikio mara tatu. Tulinunua ile nyembamba, na yule bwana alitupunguzia kwa sababu alikusikia ukiiponda."

Firdausi anapiga makofi. Anamtazama mzee, akingoja afurahi, na mwandishi wa makala haya naye anangoja.

Pasikali hafurahi. Anaiweka fimbo sakafuni.

"Saady alisemaje?" anauliza.

"Saady aliitaka ile pana. Tulivutana sana. Nikamwambia baba ameikataa, akanyamaza."

"Na wewe, mwana wanje, uliitaka ipi?"

"Mimi nilikuwa sijui, baba. Ndiyo maana tulikuuliza."

"Ego," anasema Pasikali polepole, neno la nyumbani la kukubali. "Hata mimi nilikuwa sijui. Mpaka sasa sijui."

"Najua hujui," anasema Nadine. "Sisi wote hatujui. Ila imeshatoka kupakwa rangi, iko majini."

Wiki zote hizo alizokuwa na hofu kwamba neno lake limepotoshwa, kumbe pembeni ya hofu kulikuwa na nafuu. Boti ikileta balaa, angesema hakuichagua. Sasa nafuu hiyo imeondoka. Baharia wa miaka mingi amemwachia uamuzi baba mkwe ambaye hajawahi kuona bahari, na mtoto wa miaka sita atalala ndani ya chombo kilichochaguliwa kwa sababu ya vipande vya mbao vya kushikia. Mzee anaogopa, na anasema wazi kwamba anaogopa.

Anauliza swali moja tu zaidi: safari ya kwanza ni ya wapi? Nadine anamwambia ni ya kuijaribu boti, kutoka Tanga mpaka Komoro na kurudi, kabla ya ile ndefu.

"Mningoje," anasema Pasikali.

Jioni, nyumbani Kitanga, Kezia anachambua maharage kwenye ungo na kusikiliza habari hiyo bila kuinua macho. "Wewe unaogopa hata Malagarasi kiangazi," anasema.

"Naogopa," anakubali mumewe. "Lakini niliyemchagua huwa namsindikiza. Naenda mpaka afike, nalala huko, asubuhi namtazama anavyoinuka."

Kezia anauliza ni nani atakayesimama mnadani yeye akiwa huko. Pasikali anasema ng'ombe watasubiri. Ameshaulizia basi la Tanga. Nguo nzito anazo, za baridi ya huku, na Firdausi ameahidi kumtafutia dawa ya kichefuchefu. Fimbo ataiacha, kwa kuwa Saady amesema haina kazi baharini, jambo ambalo bado linamtatiza.

Akiulizwa anatarajia kufanya nini ndani ya boti asiyojua hata mbele yake inaitwaje, jibu analo.

"Nitakaa pale karibu na jiko," anasema. "Nilihesabu kwenye ile video. Kuna vishikio viwili. Kimoja atashika Zuhra, kingine nitashika mimi."