Kiboko na Godoro Kichwani

Mjukuu wangu alikataliwa shule ya nasari juu ya mkono. Usifikiri mkono ulikuwa mgonjwa. Ulikuwa mfupi tu. Siku hizo mwalimu alikuwa anaambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande ule mwingine. Akishindwa, basi, umri haujafika, rudi nyumbani. Wetu alijinyonganyonga pale, ulimi nje, vidole vikafika juu ya nyusi vikakwama. Mwalimu akaniangalia kama mimi ndio nimeukata huo mkono.

"Mama, rudi na yeye mwaka ujao. Huyu bado ananyonya."

Alisema hivyo na wanawake nusu ya mtaa wetu wa Jericho wamepanga laini nyuma yangu, na sauti yake kama mlango haujawahi kuona mafuta. Mtoto mwenyewe alikuwa na mdomo ungeweza kuuza sabuni soko lote la Gikomba ikaisha. Lakini walipima mkono. Mdomo hawakupima. Nikamshika tukarudi, na njia yote nilikuwa naongea kama huyo mwalimu, mpaka mtoto akacheka akasahau kulia. Mimi sikusahau.

Mamake, yaani binti yangu, alikuwa yaya upande wa Lavington, kwa matajiri. Alilala huko huko. Kwetu alikujanga Jumapili mbili kwa mwezi, asubuhi, na jioni anaondoka. Madam wake hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wetu kabisa, wa vilima vile vile vya Ukambani, lakini ukimsalimia kwa Kikamba anakujibu kwa Kizungu, tena pole pole, kama anakusaidia. Binti yangu ndiye alikuwa anaamsha kijana mdogo wa huyo madam, anamwosha, anamlisha, na jioni anamsomea vitabu vya picha mpaka alale. Wake mwenyewe analala na mimi, na miguu yake mbavuni mwangu.

Jumapili moja akakuja na kitabu kwa mfuko. Gamba lilikuwa limetoka, na ukurasa wa mwisho yule kijana alikuwa ameurarua.

"Mama, sijaiba," akaniambia hata kabla niulize. "Madam alisema itupwe. Nimeitoa kwa ndoo ya taka, hata ilikuwa na maganda ya viazi."

Akapangusa, akampatia mtoto wake. Huyo mtoto hakuwa amewahi kushika kitu kimetoka kwa mamake ambacho si nguo ama mkate. Akakikumbatia. Halafu akasema, "Nisomee."

"Nimechoka. Wiki nzima nasoma tu. Susu atakusomea."

Susu ndio mimi, nyanya. Na mimi a siijui, be siijui. Binti yangu nilimsomesha mpaka darasa la saba juu sikutaka awe kama mimi, na sasa amefunga macho kwa kiti, viatu bado viko miguuni, ananitupia kazi ya kusoma. Lakini macho niko nayo. Nikafungua.

Kulikuwa na kiboko amebeba godoro kichwani. Hiyo sikuhitaji shule kuielewa. Huyu ni mtu anatafuta nyumba. Kila ukurasa anagonga mlango wa mnyama mwingine, na kila mnyama anatoa kichwa dirishani. Sasa sauti zao nikawapatia za watu wa kwetu, nani atanishtaki? Mbuzi alikuwa mama muuza makaa wa ile kona: "Huku tuko saba na kuku mbili. Wewe na hiyo tumbo utalala juu ya nani?" Bata alikuwa mhubiri wa maombi ya Jumatano, yule wa kufunga macho akiongea na wewe: "Bwana asifiwe ndugu Kiboko. Nafasi iko mingi sana. Iko moyoni. Kitanda ndio hakuna." Na kobe alikuwa na miwani, kwa hivyo alikuwa lazima awe karani wa nyumba, yule alikuwa anapita kuangalia nani ameweka wapangaji bila ruhusa. Huyo aliongea na pua: "Mama. Kadi ya nyumba. Hapa imeandikwa watu wanne. Naona miguu kumi."

Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Hivyo ndivyo shule ilianza. Asubuhi nikimaliza kufua tunakaa kwa ngazi ya mlango na kitabu. Nilikuwa namuuliza, kwa dirisha ya mbuzi kuna sufuria ngapi? Ni gani kubwa? Hii rangi iko wapi kwa nguo zetu? Kwa nini bata amefunga mlango na bado anatabasamu? Hiyo ya mwisho ni somo watu wazima wengi hawajapita. Watoto wengine wa mikono mifupi wakaanza kukuja kukaa, mara wawili, mara watano. Mwalimu wa nasari akipita ananiambia, "Habari ya kazi, mwalimu mwenzangu," na kale kacheko. Namjibu na sauti yake mwenyewe, "Nzuri, mama, bado tunanyonya." Akaacha kupita njia hiyo.

Mwisho ndio haukuwako, ukurasa umeraruliwa. Kwa hivyo mjukuu wangu alikuwa ananiuliza kila siku, "Susu, leo amelala wapi?" Leo amelala Gikomba kwa maseremala, kwa kitanda ambacho hakijauzwa. Leo amelala kwa choo cha kaunsil, kile cha watu wote, harufu ikamfukuza. Yeye hakuridhika. Alisema atauliza mamake, juu mamake alikuwa huko wakati ukurasa uko. Jumapili zikifika anauliza. Mamake anasema, "Sikumbuki. Wacha nilale kidogo." Na ananiomba mimi nimsomee yeye hizo sauti. Alikuwa anasikiliza na macho yamefungwa, anacheka mdomo ukiwa umefungwa. Mimi mjinga nilifurahi.

Sasa ikafika Jumapili moja baada ya kanisa. Tumekula, binti yangu ameanguka kwa kiti, mtoto amekaa kwa miguu yake na kitabu. Nikasikia watoto wa nje wanapiga kelele ya gari. Gari jeupe limesimama kwa mtaro wetu. Akatoka madam, kiatu cha kisigino kirefu, anachagua pa kukanyaga kama yuko juu ya mayai. Anavuta kijana wake mkono, na kijana amelia mpaka uso umefura.

"Haloo. Ni hapa?" Akamwona binti yangu. "Ni wewe ulichukua kile kitabu chake?"

Binti yangu alisimama kama amechomwa. "Madam, ulisema nitupe."

"Nilisema utupe. Sikusema ubebe nyumbani. Ungeniuliza. Tangu uondoke asubuhi huyu hanyamazi, anakitaka. Nimezunguka hizi nyumba zenu lisaa, zote zinafanana."

Nikamwambia karibu, kwa Kikamba. Akanijibu "thenkiu" na akakaa kwa ncha ya kiti changu kama kitamuambukiza kitu. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Muuza makaa akiwa mbele, bila shaka, huyo hakosangi.

Niliona mjukuu wangu ameweka kitabu nyuma ya mgongo.

"Kilete, msichana mzuri," madam akasema. "Nitakununulia kingine. Kipya."

"Nataka hii," akasema mjukuu wangu. "Hii ni mamangu alinipea."

Madam akacheka kidogo, akakivuta, akaweka kijana kwa mapaja ili anyamaze, akaanza kusoma Kizungu. Anasoma haraka haraka, kama mtu anasoma bei za duka. Kijana akasukuma kitabu.

"Si hivyo," akasema. "Kobe haongei hivyo." Na akabana pua, huyo mtoto wa Lavington, akasema kwa Kiswahili, "Mama. Kadi ya nyumba. Naona miguu kumi."

Mlangoni watu wakaangua kicheko. Karani wa nyumba kila mtu anamjua. Muuza makaa alikuwa anajishika mbavu, na hajui bado kwamba anayefuata ni yeye. Kijana akafanya mbuzi. Akafanya bata, na Bwana asifiwe yake yote.

Mimi sikucheka. Niliangalia binti yangu, na binti yangu aliangalia sakafu. Nikaelewa ni kwa nini alikuwa anataka kusikia sauti zangu Jumapili. Alikuwa anazibeba. Anakuja kwangu amechoka, hawezi kufungua ukurasa mmoja kwa ajili ya mtoto wake, halafu Jumatatu jioni anazitoa zote, moja moja, kwa huyu. Hata sauti zangu zilikuwa zimeajiriwa huko, na hazikuwa na siku ya kupumzika.

Mjukuu wangu akasimama mbele ya kijana. Hakuwa amekasirika, hicho ndicho kilinimaliza. Alitaka kujua tu.

"Nani alikuambia hizo?"

"Anti," akasema kijana, akaonyesha binti yangu. "Kila siku ananiambia."

"Na kiboko alilala wapi?"

Yule akashangaa swali gani hilo. "Kwetu. Anti alisema alikuja kwetu na akalala, na hataenda."

Mjukuu wangu akageuka akaangalia mamake. Akaenda akakaa chini ya meza.

Hapo nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia madam na maneno ya kumwambia binti yangu, sijui gani yangetoka kwanza. Ikatoka sauti ya madam, kisigino na yote: "Haloo. Ni hapa mnapeana watoto? Nilisema utupe mtoto wako, sikusema umkumbuke." Madam akawa mwekundu, na yeye ni mweusi kama mimi. Akaamka.

"Mama, wacha," binti yangu akasema chini chini. "Tafadhali. Tutakula nini?"

Nikawacha. Nimetukana makarani, nimetukana polisi, lakini siku hiyo nilimeza, na iko hapa kifuani mpaka leo kama kipande cha ugali mkavu. Madam akasema kwa vile kijana anataka anti, na Jumapili imebaki masaa machache tu, si afadhali waende pamoja na gari. Binti yangu akachukua mfuko wake. Akainama chini ya meza kuaga mtoto, mtoto akamwangalia magoti. Kitabu kikaenda, na wakaenda.

Wiki mbili nyumba yangu haikuwa na shule. Watoto walikuja wakakaa kwa ngazi, mjukuu wangu akawaambia, "Imefungwa." Nilijaribu kumfanyia kobe bila kitabu. Akaniambia nisifanye, hiyo ni ya yule kijana.

Jumapili iliyofuata ya mapumziko, binti yangu alikuja na kitabu kipya kutoka kwa madam. Kinang'aa, gamba gumu, ndani paka na mvua. Nilitaka kukiweka kwa jiko. Mjukuu wangu akakichukua mkononi mwa mamake, akamvuta mpaka kwa kiti, akakirudisha kwa mapaja yake, na akapanda juu kabla hata mamake afungue kitambaa cha kichwa.

"Soma," akasema. "Yote. Na Susu asisome."

Binti yangu akasoma. Akaweka sauti, zake mwenyewe, sijui alizitoa wapi. Ukurasa wa tatu kichwa kikaanza kuanguka, maneno yakawa mazito, akalala katikati ya mvua. Mjukuu wangu akainua kope la mamake na kidole.

"Bado," akasema.

Mamake akaamka, akaendelea. Akalala tena. Akainuliwa kope tena. Nilimwona vile amechoka, mikono imepasuka kwa sabuni ya watu, na ni mtoto wangu mimi nimemzaa. Ningesema, mwache mamako apumzike. Nilikuwa na hilo neno mdomoni kabisa.

Sikulisema. Nilimwaga chai yake iliyopoa, nikaweka ingine ya moto, nikamwekea karibu na mkono ili asilale.