Masika Kumi na Tatu

Maofisa wa serikali walipokuja Wasso kukusanya maoni kuhusu umri wa msichana kuolewa, kama upandishwe kutoka kumi na tano hadi kumi na minane, walitafuta mkalimani wa Kimaasai. Niliomba ruhusa kazini, mapokezi ya loji moja huku Karatu, nikakaa kwenye basi kutwa nzima. Nilijua baba mdogo atakuwepo. Kwa ajili yake ningekwenda hata kwa miguu.

Baba mdogo ndiye aliyenilea baba alipofariki, na ndiye aliyeniozesha. Mbele ya mtendaji wa kijiji alisema nimetimiza kumi na tano, akaweka dole gumba, nikaolewa na mtu wa rika lake. Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto mfu. Watu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Yangu yalikuwa ndwele, na sikuwa nimekwenda kumganga mtu.

Mkutanoni nilimwinamishia kichwa kama adabu inavyotaka, naye akanigusa utosini. Zamu yake ilipofika alisimama, akasema kwa Kimaasai kwamba miaka ni hesabu ya ofisini; mzazi humtazama binti mwenyewe, na akiona amekua, basi amekua. Kisha akaninyooshea fimbo.

"Huyu anayewatafsiria nilimwoza akiwa na mvua kumi na tatu. Ana kasoro gani?"

Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia hata kanisani. Ila sikutaka aje kusema nilimsikia vibaya, nikamuuliza kwa heshima zote, "Baba mdogo, ni mvua za masika peke yake, au na za vuli?"

Wazee wakacheka, naye akacheka nao. "Masika peke yake, binti yangu. Mtu hahesabiwi kwa manyunyu."

Nikatafsiri yote, hata hayo manyunyu. Kisha nikawaambia wageni kwamba sasa nasema la kwangu: mtendaji aliambiwa kumi na tano.

Wapo wanaodai sheria mpya haitasaidia, kwamba aliyedanganya kumi na tano atadanganya na kumi na minane. Na ajaribu. Miaka miwili aliificha chini ya shuka nililofungwa mabegani siku ile. Mitano ingemshinda, mtendaji angenitazama mara moja tu na kumfukuza.

Baba mdogo aliona wageni hawacheki. "Umewaambia nini?"

"Ulichosema hapa, baba mdogo. Na ulichosema kule kwa mtendaji."

Akakaa chini bila kuangalia kiti kiko wapi. Mwandishi wao akaniomba nimsaidie jina la mzee, asije akalikosea. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, nikasubiri mpaka akaandika ya mwisho.