Ushuhuda wa Cecil Chilumba

Barua ya kumkubali Mwalimu Theodora ilifika Masasi mwezi wa Mei mwaka 1995, na nusu ya walimu wenzetu hawakuamini. Ilitoka chuo cha Wamethodisti nchini Kenya. Chuo hicho kilikuwa kinatoa ufadhili wa miezi mitatu kwa watu wa Afrika Mashariki waliotaka kuchunguza historia na mafundisho ya Wamethodisti: nauli, chumba, chakula, na ruhusa ya kuingia maktaba ya kumbukumbu. Theodora alikuwa Mwanglikana, mjukuu wa watu wa misheni, mwalimu wa dini na historia, mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji.

"Wamethodisti gani hapa Masasi, Mwalimu?" mwalimu mkuu alimwuliza. "Hata mmoja hatuna."

"Ndiyo maana nakwenda kuwatafuta kwao," alijibu.

Nilifundisha naye miaka saba, na mimi ndiye niliyempigia chapa maombi yake. Miaka ile milango ilikuwa imefunguliwa. Hata Masasi palikuwa na duka la fotokopi karibu na stendi, na mtu aliweza kupeleka maombi ng'ambo bila kupita wizarani kuomba kibali cha kila kitu. Mada yake ilikuwa hakika ya kusamehewa. Wamethodisti hufundisha kwamba mtu akitubu anaweza kujua moyoni mwake, pasipo shaka, kwamba Mungu amemsamehe. Sisi tulilelewa kupiga magoti mbele ya padri kuungama. Theodora alitaka kujua waumini wa kawaida wa zamani waliisemaje hakika hiyo kwa maneno yao wenyewe.

Hapa inanibidi nieleze habari za babu yake. Cecil Chilumba alikuwa mwalimu wa kanisa. Mwishoni mwa mwaka 1917 alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na hakurudi. Alimwacha mkewe, Julia, na binti wa miaka miwili, Anjelina, ambaye ndiye mama yake Theodora. Julia alingoja. Mwaka 1927 seremala mmoja wa Chidya, aliyefiwa na mkewe, alikuja kumposa. Padri wa wakati ule akasema hakuna ushahidi wowote kwamba Cecil amekufa, kwa hiyo ndoa haiwezekani. Seremala alivumilia miaka miwili, akaoa kwingine. Julia alifariki Newala mwaka 1968, nyumbani kwa bintiye, akiwa si mke wala mjane. Baada ya hapo padri wa Newala alikubali kumhesabu Cecil kuwa amekufa vitani; kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, jina lake lilisomwa kanisani pamoja na majina ya wengine waliokufa vitani, na Mama Anjelina alikuwa akisimama likisomwa.

Theodora aliondoka Julai. Nilimpokea stendi katikati ya Oktoba, wakati bendera za vyama zimejaa kila mti kwa ajili ya uchaguzi, na wanunuzi binafsi wa korosho wamepanga mizani zao barabarani. Alishuka kwenye basi, nikadhani ameugua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Hakunisalimu. Alifungua mkoba akanipa karatasi mbili za fotokopi.

"Soma," alisema. "Soma hapa hapa."

Alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Katika wiki ya tano, mtunza kumbukumbu wa chuo, mama mmoja aitwaye Dorika, alimletea sanduku la shuhuda za wahubiri wa zamani. Kila aliyetaka kuhubiri aliandika jinsi alivyookoka. Zilikuwa kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino. Alisoma kumi, akinakili kwa furaha. Ya kumi na moja ilikuwa hii:

"Mimi Cecil Chilumba, mzaliwa wa Masasi, nalibatizwa kule na Waingereza. Nalikuwa na mke, jina lake Julia, na mtoto mwanamke. Vita ilipokwisha nalikuwa mgonjwa Nairobi. Mtu akaniambia watu wa kwetu wamekwisha kwa homa na njaa. Sikuuliza mara ya pili. Nalioa. Mwaka 1926 nalikutana Mombasa na mtu wa Masasi, akanena, Julia yu hai, anakungoja. Nikarudi nyumbani kwangu nisiseme neno. Miaka mitano sikuwa na raha. Ndipo katika mkutano wa maombi moyo wangu ukapata joto, nikajua Mungu amenisamehe yote. Tangu siku ile sina shaka."

Theodora aliacha kalamu wazi mezani akatoka nje. Dorika alimfuata na bilauri ya maji.

"Ni mtu wako?"

"Ni babu yangu. Lakini babu yangu alikufa vitani."

"Huyu alifariki mwaka 1951," Dorika alisema polepole. "Tulimzika huku kwetu. Mwanawe, Yoeli, namfahamu. Anakaa hapo ng'ambo ya mto."

Theodora hakuvuka mto ule. Wiki zilizobaki alifanya kazi yake kama mtu aliyepigwa kichwani, na siku ya kuondoka alimwachia Dorika anwani ya shule.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nimsindikize Newala. "Nikiwa peke yangu nitarudi njiani," alisema. Tulimkuta Mama Anjelina barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Alikuwa na miaka themanini na macho mazuri kuliko yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Wakenya hawali?"

Theodora alikaa chini kwenye mkeka, akasoma. Alipomaliza, mama yake alisema, "Soma tena." Akasoma. "Tena." Akasoma mara ya tatu.

"Mwaka gani aliambiwa mama yu hai?"

"Ishirini na sita."

"Na seremala alikuja ishirini na saba." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama anayejisemea. Kisha akasimama, korosho zikamwagika miguuni. "Barua moja! Aandike tu, mimi Cecil nimeoa huku, usiningoje. Mama yangu angepata nyumba yake!"

"Mama, keti."

"Anasema amesamehewa. Na nani? Mama hakuulizwa. Mimi sikuulizwa."

"Anasema Mungu, mama..."

"Mungu hakukaa mlangoni miaka hamsini akitazama njia!"

Theodora alikuwa amezifumbata karatasi ngumini. Alizinyoosha juu ya goti, akaanza kuziokota korosho.

Siku ya nne Mama Anjelina alikwenda kwa padri akaomba jina la baba yake lisisomwe tena pamoja na waliokufa vitani. Padri, kijana aliyetoka chuoni juzi, alishtuka akasema marehemu wote huombewa. "Mwombee basi," alimjibu, "lakini usiseme alikufa vitani." Mwezi wa Novemba jina likasomwa peke yake, mwisho kabisa. Watu waligeuka wakatazamana. Mama Anjelina hakusimama.

Theodora alitakiwa kupeleka andiko lake Kenya kabla ya mwisho wa Januari. Alinionyesha rasimu ambamo ushuhuda wa kumi na moja haukuwamo. Nilimwambia inatosha, wafadhili hawatajua. Lakini mama yake, aliposikia, alimwita.

"Walikupeleka kutafuta nini?"

"Watu walijuaje kwamba wamesamehewa."

"Basi andika. Na swali langu uliandike: amesamehewa na nani?"

Akaandika. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na swali la Mama Anjelina jinsi alivyolisema, na chini yake Theodora alikiri kwamba hakulipatia jibu. Chuo kilijibu mwezi wa pili. Profesa mmoja aliona ukurasa ule si utafiti bali ni habari za nyumbani. Mwingine aliomba ruhusa ya kuwasomea wanafunzi wake.

Machi ikaja bahasha nyingine shuleni, yenye stempu ya Kenya, imeandikwa na Yoeli Chilumba, fundi cherehani mstaafu. Tulikwenda nayo Newala. Theodora alimsomea mama yake. Yoeli aliandika kwamba kwao baba alisema kila mara kuwa hana ndugu duniani, na kwamba amelia siku mbili, na kwamba kama dada yake ataruhusu, angependa kuja kumwona kabla hawajafa wote wawili.

Mama Anjelina alichukua barua akaigeuza upande wa pili, usiokuwa na maandishi.

"Mjibu," alisema. "Mwambie nimeipata."

"Na kuhusu kuja?"

"Nimesema nimeipata. Andika hivyo tu kwanza."