Kura Yangu ni ya Popo

Moffat alinusa mchuzi wangu, akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Maurine, hii nyama iko na mabawa?"

Nikadhani ni utani. Moffat ni mtu wa boda, na watu wa boda hawaishiwi maneno.

Lakini jamaa aliinuka, akaacha sahani imejaa, akaenda kunawa mikono. Mbele yangu!

Wueh! Kufika mchana kibanda changu kilikuwa kitupu. Mimi, ambaye nusu ya soko la Mukurweini hula kwangu.

Halafu akaja Waithira, mama mwenye ploti. Alisimama mbali, leso puani.

"Jumamosi jioni uwe umetoka. Sitaki Ebora kwangu."

"Ebola imetoka wapi, Mama?"

"Usinicheze. Kila mtu anajua unakura popo!"

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Nilitoka Busia bila chochote, na kibanda hicho ndicho kinanilisha. Nikitolewa hapo, aki nitaenda wapi?

Sasa tuelewane. Popo wako, siwezi kukataa. Wale wakubwa wa kula matunda, wamejaa kwenye mgumo nyuma ya kibanda changu. Mti wenyewe hakuna mtu wa huku atathubutu kuukata, wazee wao walishakataza zamani.

Kwa hivyo, siku moja kabla Moffat aukatae mchuzi wangu, chifu wetu, Gicheru, aliitisha baraza. Kuna video ya popo na corona ilikuwa inazunguka kwa simu, watu wameingiwa na baridi. Akasema popo wafukuzwe na moshi wa tairi. Makofi hayo!

Ndila, afisa wa afya, akasimama.

"Ni kweli popo wanaweza kubeba virusi. Msiwashike, msiwale. Tunda wameuma, tupeni. Maji, funikeni. Lakini saa hii wako na watoto. Mkiwatia moshi, watoto wao wataanguka, na watoto wenu watawaokota. Hapo ndio mtakuwa mmejitafutia ugonjwa kwa mkono wenu."

Akasema pia hao popo ndio wanabeba mbegu za miti usiku na kuzimwaga huko mbali. Wakiisha, miti mingine itakosa mtu wa kuipanda.

Chifu akaona aibu kidogo. "Basi Jumamosi tutapiga kura."

Mimi nikainua mkono hapo hapo. "Mimi kura yangu ni ya popo!"

Walinizomea. Ati mtu wa kuja anajua nini?

Sasa, kutoka hapo mpaka kuitwa mla popo, tulipitia wapi? Nilimuuliza Waithira nani alimwambia.

"Ni Mwai. Alinipigia simu akitoka baraza."

Nikamvuta mpaka kwa Mwai, fundi wa viatu. "Mwai, ulisema nini kunihusu?"

"Nirisema ukweri. Ati Maurine ni wa kura popo."

"Umesikia?" Waithira akaruka.

"Ngoja, Mama. Mwai, kura ya kupiga, ama kula ya mdomo?"

"Kura ya chifu! Ya kuinua mkono!"

Waithira akatoa leso puani.

Hapo nikaelewa. Kwao hayo maneno mawili hutoka mdomoni yakiwa moja.

"Ngai!" Waithira akashika kichwa. "Wacha nikaambie watu."

"Usiambie mtu yeyote mpaka Jumamosi," nikasema. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Wamenivalisha jina, basi nitalivaa.

Jumamosi asubuhi, chifu hata hakungoja kura. Vijana wake walikuja na tairi, wakazipanga chini ya mgumo. Mimi nikatoka na sufuria yangu, nikakalia zile tairi.

"Washeni."

"Mama, toka hapo!"

"Nitoeni."

Wakaangaliana. "Wewe, mshike." "Mshike wewe! Huyu si ndiye anakura popo?"

"Ninakula, na sijashiba!" Nikafunua sufuria. "Nani anataka paja?"

Manze, walitoka mbio! Mmoja aliacha kiatu. Chifu alibaki peke yake na kiberiti, akiniangalia, na hata yeye hakunigusa.

Baraza lilipokaa, Waithira alieleza yote: simu, Mwai, kura na kula. Watu walicheka mpaka wengine wakalia. Ndila akarudia maneno yake, na safari hii walimsikiliza. Mkono wa kwanza kuinuliwa kwa popo ulikuwa wa Waithira. Mingine ikafuata, ikatosha.

Popo bado wako juu, na watoto wao kifuani. Mimi bado niko chini, kwenye kibanda changu.

Ukiambiwa popo ana ugonjwa, mwache juu ya mti wake, usimguse, maisha yaendelee. Na ukiambiwa mtu ni ugonjwa, mwulize kwanza alisema nini.

Jumatatu Moffat alirudi, macho chini.

"Leo umepika nini?"

"Kuku."

Akameza mate. "Iko na mabawa?"

"Mawili. Kura."

Akakula.