Mafuta Kabla ya Hina

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi, mwanangu, nayo ni Alhamisi iliyoitangulia. Nakusimulia kwa sababu nimesikia unakwenda kupakwa hina Parklands wiki hii, na mama yako anajiandaa kuja kutoka Bungoma. Usinichoke. Sijawa bibi kizee wa kushika mkongojo, lakini mvi nilizo nazo nimezipata kihalali.

Nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la Ngara, jijini, nikiishi chumba kimoja nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Kwetu Bungoma hina haikuwa desturi. Bibi harusi alioga, akapakwa mafuta, akapelekwa kanisani, basi. Lakini pale dukani niliwaona maharusi wengi wakija kuchagua nguo, mikono imechorwa maua hadi viwikoni, nikaapa kwamba siku yangu ikifika lazima na mimi nichorwe. Fundi niliyempata aliitwa Bi Zuhura, mama mwenye asili ya Lamu aliyefanyia kazi sebuleni kwake Parklands. Akanipa masharti. Vinyweleo vya mikononi niviondoe mapema. Nile nishibe kabla ya kuja, maana nikishapakwa sitashika kijiko. Nivae nguo ya mikono mipana. Na kubwa kuliko yote, tangu usiku wa kuamkia siku hiyo nisiguse mafuta, kwa kuwa ngozi yenye mafuta hainywi rangi.

Masharti hayo niliwaambia wenzangu wote dukani. Hata jirani nilimwambia. Mama yangu sikumwambia. Aliingia Jumatano jioni na basi kutoka nyumbani, amebeba kuku na unga wa wimbi, miguu imevimba, na mimi kichwani nilikuwa na keki, magari na wasimamizi. Nikampa chai, tukalala kitanda kimoja. Kosa lilianzia hapo, ingawa kwa miaka nilijidanganya kwamba lilianza asubuhi.

Nilipoamka nilihisi mkono wangu umeshikwa. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ananipaka mafuta yale ya kukamulia ng'ombe, kidole kimoja kimoja, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mikono yote miwili ilikuwa inang'aa. Kwake hayo ndiyo yalikuwa maandalizi ya bibi harusi. Ndivyo alivyotupaka kila Jumapili tulipokuwa wadogo, na ndivyo mama yake alivyompaka yeye alipoolewa.

Niliruka kama niliyemwagiwa maji. "Mama! Nani amekuambia unishike? Sasa hina itashika aje? Umeniharibia harusi yangu!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua mlango kuona kuna nini.

"Sikujua, mama," akasema, jinsi kina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Niliona tu mikono imepauka."

Alisimama katikati ya chumba, mikono yake ameiweka mbali na gauni kwa sababu ilikuwa na mafuta, na hakujua aifutie wapi. Mimi niliingia bafuni nikajisugua kwa sabuni ya unga hadi ngozi ikaniwasha. Hata kitambaa cha kujifutia sikumpa.

Tulikwenda Parklands pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Bi Zuhura aliposikia kisa chenyewe alicheka. "Mafuta ni kitu gani? Hayo yatatoka kwa sabuni na ndimu. Huo uso wako ulionuna ndio sijui nitauosha na nini." Akaniosha mikono mwenyewe, akanikalisha mkekani, kisha akamgeukia mama yangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani. Kwa Bi Zuhura, kumshikilia bibi harusi mkono asitikisike ilikuwa kazi ya mama au shangazi.

"Mama bibi harusi, njoo umshike binti yako."

"Hapana," mama akasema. "Mimi nitaharibu."

Mwanangu, nilisikia. Sebule nzima ilisikia, pamoja na wateja waliokuwa wakingoja zamu yao. Ningesema tu, "Njoo, mama," yangeisha pale pale. Nikanyamaza. Nilijitia kutazama ua lililokuwa likichorwa kiganjani, nikajiambia nitamwomba radhi harusi ikipita. Zile kelele za asubuhi zilinitoka kwa hasira, na mtu mwenye hasira husamehewa. Kunyamaza kule nilikuchagua mwenyewe, na ndiko kunakoniuma.

Hina ilishika vizuri sana. Ilitoa rangi nzito iliyoiva, watu wakaisifu ukumbini, wakaipiga picha. Haikuchukua muda ikafifia, na siku moja nikiosha vyombo sikuona hata alama. Nilimpigia mama simu nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema, "Hayo yalishapita, mama." Nikadhani yamepita kweli.

Kisha nikajifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama akaja, akanawa mikono, akasimama kando ya kitanda. "Naweza kumshika?" akauliza.

"Mama, si ni wako huyu?"

"Siku hizi mna mambo yenu," akajibu kwa upole. "Sitaki kuharibu."

Mama yangu mzazi, aliyetulea sote kwa mikono yake, ananiomba ruhusa! Nililia sana, muuguzi akadhani ni maumivu ya uzazi. Mpaka leo, naye sasa ni wa kushikwa mkono akivuka barabara, huuliza kwanza kabla ya kunigusa. Kunisamehe alinisamehe zamani. Lakini ule uhuru aliokuwa nao asubuhi ile, wa kunishika bila kufikiria mara mbili, haujarudi, na sijui nitamrudishia vipi.

Basi nakuomba, mwanangu. Mpigie mama yako leo, kabla hajapanda basi, umweleze masharti yote ya fundi, yaani mafuta, chakula na nguo. Kisha umwambie kazi yake siku hiyo itakuwa ipi, maana mtu hasafiri kutwa nzima kuja kumpamba mwanawe ili awekwe kwenye kiti cha mlangoni. Akikosea, mwelekeze. Hina ikikataa hupakwa tena. Na kauli mbaya ikikutoka, kwa sababu utakuwa umechoka na wewe ni binadamu, mwombe radhi hapo hapo, mbele ya wale wale waliosikia, hina ikiwa bado mbichi mikononi. Usingoje harusi ipite.

Mungu aibariki nyumba unayokwenda kuijenga, akupe maelewano na mumeo, akupe watoto na afya ya kuwalea. Na mama yako akushike mikono hiyo maisha yake yote, pasipo kukuomba ruhusa hata siku moja.